Vijana wanaosema wamekauka kiroho waelekezwe kwenye toba, sio kwenye chupa ya mafuta

Ndugu mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua.

Vijana wetu wengi makanisani siku hizi ukikaa nao utasikia kilio hichohicho, nimekauka. Anafunga, anaenda mkesha kila ijumaa, leo yuko mkutano huu kesho yuko kwa nabii yule, na bado anakwambia mama, ndani sina kitu. Mi siwahukumu hata kidogo manake kiu yao ni ya kweli. Kinachoniuma ni pale wanapoambiwa wanunue mafuta ya upako au watoe sadaka ya mbegu ndo wajazwe, wakati Paulo kwenye Wakolosai 2:10 anawaambia walioamini kwamba wameshatimilika ndani ya Kristo.

Ukavu huo sio wa leo. Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alikuwa amechoka kabisa, njaa imeua watu kule, kazi nzito, moyo umeisha nguvu, akaja Kampala. Pale Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ileile, wakakaa siku mbili na Biblia wanasoma habari za Roho Mtakatifu na kuomba, Mzungu na Mwafrika kama ndugu, na kumbuka hizo ni enzi za ukoloni. Kutoka hapo moto wa Uamsho, ile harakati ya toba na wokovu ya Afrika Mashariki, ukawaka Gahini, ukaenda Uganda, ukafika kwetu huku Bukoba, ukavuka mpaka Kenya.

Na hao wazee wa Uamsho walijazwaje? Walitubu, tena kwa kuitaja dhambi kwa jina lake. Waliokuwa wameiba walirudisha, wenye madeni wakalipa, mume akamwomba mkewe msamaha. Wakaiita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Nimekaa kwenye ushirika huo tangu nikiwa binti, najua ninachosema. Kuna mama mmoja alisimama akasema mimi kipimo changu cha maharage pale sokoni nimekigonga chini ili kiingie kidogo, nimewaibia wateja, Yesu amenionyesha. Hakulia wala hakuanguka chini, kesho yake akanunua kipimo kipya na wateja aliowajua akawajazia walichopunjwa, na uso wake ulivyobadilika wote tuliuona pale sokoni, hata wasiosali.

Sisemi wale wazee walikuwa malaika. Wengine walikuwa wepesi kuwanyooshea kidole wasiookoka na hilo liliwaumiza watu. Lakini imani yao ilisimama kwenye moto, wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni ndugu wengi wa Uamsho kule Kenya walikataa kula kiapo cha wapiganaji na pia wakakataa kushika bunduki ya serikali, wapo waliouawa kwa ajili hiyo. Hapa kwetu askofu Josiah Kibira alilelewa na Uamsho huohuo, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Sasa mtu wa namna hiyo utasema alikosa kitu gani ambacho chupa ya mafuta ingempa?

Kijana unayesoma hii, kabla hujapanda basi kwenda mkutano mwingine mbali, hebu kaa chini na Yesu umuulize ni nini umekificha, labda ni meseji unazofuta kwenye simu, labda ni ndugu yako mmenuniana toka msiba wa baba, halafu tafuta mkristo mmoja au wawili mnaoaminiana mtubu na kuombeana kila wiki.

Na wewe mhariri nakuomba, wazee wa Uamsho waliobaki Kagera ni wachache na umri umeenda. Tuma waandishi wako wakakae nao wachukue ushuhuda wao, watoto wetu wausome wakati wenyewe bado wapo na wanaweza kuulizwa.

Mama wa ushirika,
Bukoba