Methali ya samaki si kipimo cha kuhukumia taifa

Mhariri,

Msomaji mmoja, katika barua mliyoichapisha wiki iliyopita kuhusu vita vya Ukraine, alishikilia kwamba Warusi wote, wakubwa kwa wadogo, wanabeba hatia ya uvamizi ulioanza tarehe 24 Februari 2022, kwa kuwa raia asiyeizuia serikali yake kwenda vitani ameiridhia. Alikamilisha hoja yake kwa methali: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Naomba nafasi ya kumjibu. Siutetei uvamizi, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 141 zilizopiga kura katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 2 Machi mwaka huo kutaka ukome, na katika hilo naiunga mkono serikali yangu, jambo ambalo silifanyi kila siku. Ninachokipinga ni kipimo cha mwandishi, ambacho kikikubaliwa kitatunasa sisi wakazi wa Nairobi kabla ya kumfikia Mrusi yeyote.

Nianze na Mwingereza aliyeitwa Fenner Brockway. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, vita ambavyo wapagazi wetu walikusanywa kwa maelfu hadi mtaa wa Kariokor hapa Nairobi ukabaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps, Brockway alikataa kuvaa sare za jeshi la nchi yake na akafungwa jela zaidi ya mara moja. Miaka ya 1950 alikuwa mbunge, na yeye pamoja na Barbara Castle ndio waliosimama tena na tena katika Bunge la Uingereza kuuliza yanayotendwa Kenya kwa jina la Waingereza. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, walikozuiliwa washukiwa wa Mau Mau, na taarifa ya kwanza ya wakoloni ikadai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo haukudumu, kwa sehemu kwa sababu walikuwapo Waingereza waliokataa kuumeza. Julai mwaka huo hata Enoch Powell, mbunge wa chama kilichotawala, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kuwapinga wahamiaji, aliishutumu serikali ya chama chake mwenyewe kuhusu Hola. Kwa kipimo cha samaki, hawa wote wameoza sawa na askari walioshika marungu.

Sasa turudi Moscow. Machi 2022, madiwani wa wilaya moja ya mji huo walikuwa wakijadili mashindano ya watoto ya kuchora. Mmoja wao, Alexei Gorinov, alihoji vipi watoto washindanishwe kuchora ilhali watoto wanakufa Ukraine. Mapema mwezi huohuo ilikuwa imepitishwa sheria ya kumfunga hadi miaka 15 mtu anayehesabiwa kueneza habari za uongo kuhusu jeshi, na ilipofika Julai diwani huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 7. Wapo Warusi walioshangilia vita, nao wana lao la kujibu. Lakini pale ambapo swali moja katika kikao cha madiwani hugharimu miaka 7, ukimya wa jirani yake Gorinov unaweza kuwa ridhaa, au woga, au kuchoka tu, na sisi tulioketi huku hatuna njia ya kuvitofautisha.

Liko jambo ambalo mwandishi amelikaribia, ingawa amelipa jina lisilo lake. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alitangaza kwamba Uingereza ingelipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, ambayo wakoloni waliitangaza mwaka 1952 kupambana na Mau Mau, huku serikali yake ikiendelea kukana dhima ya kisheria. Fedha hizo zilitoka katika kodi za watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka huo wa 1952, na bila shaka wamo humo wajukuu wa waliompigia kura Brockway. Sioni kwamba walidhulumiwa. Taifa linalorithi barabara, hazina na bendera hurithi na madeni, na siku Urusi itakapotakiwa kuijenga upya Ukraine, kodi ya Gorinov itaingia humo pamoja na ya waliomfunga. Hilo ni deni. Hatia ni kitu kingine: inamtaka mtu mwenye jina, na amri aliyoitoa au rungu aliloliinua.

Tukiyachanganya hayo mawili, matokeo yake tunayajua hapa mjini. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Uingereza liliuzingira mji huu katika msako ulioitwa Anvil, likawachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa kabila lao, na makumi ya maelfu wakapelekwa kizuizini bila mtu kuulizwa alifanya nini. Miaka 60 baadaye, Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, serikali ambayo sasa ni yetu wenyewe ilifanya msako katika mtaa wa Eastleigh, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakakamatwa. Wengi wakashikiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Humo walikuwamo wakimbizi waliotoroka vita vilevile tulivyokuwa tukiwalaumu navyo.

Mwandishi atauliza raia wa kawaida wa Nairobi alifanya nini kuzuia hayo. Mimi nilikuwa nikipita Thika Road kila asubuhi mwezi ule, matatu ikipunguza mwendo karibu na uwanja. Hakuna sheria ya miaka 15 iliyokuwa ikiningoja, na sikumwandikia mhariri yeyote.

Wako mtiifu,
Msomaji,
Nairobi.