Barua kwa mwanangu anayevua peke yake

Mwanangu,

Asalaam alaikum. Ama baada ya salamu, sisi huku Lamu hatujambo. Mamako mzima, goti limetulia tangu mvua zikatike. Bibi yako kila siku ananiuliza kama huko Malindi unapata maji ya kunywa, kana kwamba umehamia Ulaya.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hukai. Nikianza kusema unajibu "ndio baba, ndio baba", mara salio limekwisha. Barua utaisoma umekaa.

Nimesikia mwenzako ameacha bahari, sasa anaendesha bodaboda, na wewe unatoka peke yako na ile mashua ya faiba. Jambo hilo silipendi, na nimeshakwambia. Lakini nakujua, ukishaamua umeamua. Basi kama huna budi, tuzungumze habari ya nanga, maana ile video uliyonitumia, ya kung'oa nanga kwa boya, imenifanya nikae nifikiri.

Kutia nanga si kazi, inazama yenyewe. Kazi ni kuing'oa. Mkiwa wawili, mmoja yuko omo, mbele ya mashua, anakusanya kamba, mwengine yuko tezi, huko nyuma, na mashine, anaisogeza mashua taratibu mpaka ikae juu ya nanga. Ukiwa peke yako, wewe ndiye wa omo na wewe ndiye wa tezi. Hapo ndipo mtu anapojiona mjanja: anaihamisha kamba kutoka omo, anaifunga tezi, ili avute akiwa karibu na mashine.

Usifanye hivyo hata siku moja. Omo imejengwa kupasua maji, ina kimo, wimbi likija inainuka. Tezi imekatwa chini ili mashine ikae, halafu hapo hapo umeweka mashine yenyewe, tangi la petroli, ndoo ya chambo na mwili wako. Ukifunga nanga hapo, mkondo unagonga ule ubao bapa wa nyuma na mashua inavutwa chini badala ya kuinuka. Wimbi la kwanza linamwaga ndani maji ya ndoo mbili. La pili halina haja ya kupanda, linaingia tu, kwa kuwa tezi imekwisha kushuka. Ukiongeza moto wa mashine ndiyo unajizamisha kabisa: nanga imekamata chini, mashine inasukuma mbele, na nguvu zote mbili zinauelemea ule ukingo wa nyuma.

Haya si maneno ya barazani. Mwisho wa Februari 2009, huko Florida, Marekani, wanaume wanne walitoka kuvua kwa mashua ya futi 21. Wawili kati yao walikuwa wachezaji wa ule mpira wao wa Kimarekani, wa ligi kubwa kabisa, watu wa miraba minne. Nanga ikakwama. Wakaifunga kamba tezi, wakapiga mashine mbele waing'oe kwa nguvu, mashua ikapinduka. Aliyeokolewa ni mmoja tu, baada ya siku mbili hivi, kaing'ang'ania mashua iliyogeuka juu chini. Nao walikuwa wanne.

Sasa sikiliza ninavyotaka ufanye. Kabla hujagusa kamba, ingiza mishipi yote ndani, ondoa ndoana sakafuni. Lile jaketi la kuelea livae, usilifanye mto wa kukalia. Halafu washa mashine na uiache ingurume kidogo. Mashine ikitaka kukataa, bora ikatae wakati nanga bado imekushika. Nimeona watu wanang'oa nanga kwanza, ndipo wanaanza kuvuta kamba ya mashine huku mawimbi yanawapeleka mwambani.

Ukiwa kwenye mashine, ile kamba nyekundu ya kuizimia iwe imefungwa mkononi mwako. Ukianguka inazimika, haikuachi majini ukiitazama inakwenda zake.

Mashua iliyotia nanga huelekea kule mkondo au upepo unakotoka, na kamba yenyewe inakuonesha nanga iko wapi. Tia gia, sogea kidogo tu kama mtu anayenyatia kuku, toa gia, nenda omo, kusanya kamba iliyolegea, ishike pale kwenye chuma chake, rudi. Mara nyingi kadiri itakavyohitajika. Usikusanye kamba huku gia imo, hata kama bahari ni shwari kama nini, kwa sababu kamba iliyolegea ikipita chini ya mashua inaitafuta propela. Na kamba unayoiingiza itie ndani ya ndoo kubwa au kapu, isilale miguuni. Mguu ukiwa ndani ya kitanzi na nanga ikateleza kurudi chini, kamba haiulizi mguu ni wa nani. Vilevile usiizungushe kiganjani, shika kwa vidole vinavyoweza kuachia.

Ukishafika juu ya nanga, kamba inasimama wima. Watu wengi hapa ndipo wanapoharibu migongo yao, na wewe mgongo ushaanza kukulalamikia kabla hujaoa. Acha kuvuta. Ngoja omo ishuke na wimbi, kusanya ule urefu uliolegea, zungushia mara moja kwenye chuma cha kufungia, shikilia. Wimbi linapoinua omo, kamba inakaza, matone yanaruka kutoka kwenye nyuzi zake, pua ya mashua inainama kidogo, halafu unasikia mtikisiko mdogo unaopanda kwenye kamba hadi viganjani. Imechomoka. Isipochomoka, liko wimbi jengine nyuma. Ila usifunge fundo hapo. Zungusha na ushikilie tu, ili ukiona omo inavutwa chini kupita kiasi ufungue vidole na kamba iende.

Chini kukiwa na tope mambo ni tofauti. Kutoka mdomo wa Mto Sabaki kwenda juu hadi Ngomeni, mto umemwaga udongo miaka na miaka, na mvua zikinyesha bara unaona bahari yenyewe imegeuka rangi. Tope halinasi nanga, linainyonya. Ukivuta kwa kishindo unajichosha bure. Kaza kamba, iache imekaza, uvute pumzi, litaachia.

Mwamba ndio wenye inda. Kucha ya nanga inaingia tunduni, inajibana chini ya jiwe, na kila ukivuta unazidi kuikaza. Ndiyo maana wavuvi wengi wa huku hawataki nanga ya duka mwambani. Wanatumia ya nondo zilizokunjwa: ikikwama, nondo zinanyooka, nanga inatoka, ukifika nyumbani unazikunja upya. Mimi ningekwambia uchukue hiyo. Lakini najua umenunua nanga nzuri na hutaki kuiacha kwenye banda, basi ifanye hivi. Mnyororo usiufunge kwenye pete ya juu. Ufunge chini kabisa, pale kucha zinapokutana, uulaze kandokando ya mti wa nanga, halafu kwenye ile pete ya juu uushikize kwa uzi mwembamba tu. Siku za kawaida uzi unashikilia na nanga inakaa kama nanga yoyote. Ikikwama na mvuto ukazidi, uzi unakatika, mvuto wote unahamia chini, na nanga inatoka kinyumenyume kwa njia ile ile iliyoingilia. Jaribu uzi wako kwanza ufukweni. Mnene mno hautakatika, mwembamba mno utakatika wakati hujataka. Na nanga ya namna hiyo si ya kulalia usiku.

Ikikataa bado, legeza kamba ndefu, zunguka uende upande wa pili, ujaribu kutoka huko, kamba ikiwa omo vilevile. Au ngoja. Maji yetu hujaa na kupwa kwa kadiri ya saa sita sita, na siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapanda karibu mita 3, kwa hiyo katikati ya safari yake mkondo una nguvu ya kukushinda. Yakisimama, unalegea. Kilichokataa saa tatu asubuhi huenda kikakubali saa sita mchana, nawe huko ukaendelea kuvua changu zako.

Kusini ya mji, ndani ya mbuga ya bahari, sina haja ya kukueleza. Ilitengwa mwaka 1968, kuvua humo ni marufuku, na askari wa mbuga wanazunguka. Hata nje ya mbuga, mchanga ukiwa hapo karibu tupa nanga mchangani. Tumbawe lile la mviringo huota kama sentimita moja kwa mwaka, na tewa anayekulipia petroli anaishi humo.

Sasa ile video. Nimeipenda, sitakuficha. Boya lina pete ya chuma, unaivisha pete kwenye kamba, kamba ingali imefungwa omo, unapiga mashine mbele na kuipita nanga. Maji yanalisukuma boya nyuma, kamba inateleza ndani ya pete, na boya kwa kuwa halikubali kuzama linaipandisha nanga hadi juu. Unarudi taratibu ukiokota kamba iliyolala juu ya maji. Hata kina cha pima 20, kama mita 36, mgongo haujui kitu.

Lakini yule kijana alikuwa kwenye maji yaliyolala, na kuna mambo hakuyasema. Kwanza mnyororo. Nanga ikifika kwenye pete, mnyororo unapita upande wa pili na kuning'inia, na uzito wake ndio unaoizuia nanga isirudi chini ukipunguza mwendo. Nanga yako ya kilo 5 inataka mnyororo usiopungua uzito huo. Jumla ni kilo 10 hivi, na boya la mviringo la upana wa sentimita 30 hubeba kama kilo 14, kwa hiyo lile dogo uliloniambia umelipata rahisi litazama na nanga yako. Angalia pia kwamba pale kamba inapoungana na mnyororo panapita ndani ya pete bila kukwama.

Halafu njia. Usipite juu ya kamba yako mwenyewe. Nenda kwa mshazari, kamba ikae kando, mbali na ubavu, na uione muda wote. Ikikupotea machoni, toa gia papo hapo, kwa sababu usipojua iko wapi, ichukulie iko kwenye propela. Mwendo uwe mdogo. Kama kucha imeshika mwamba kwelikweli, kamba itavuta omo pembeni na mashua italala ubavu. Ukihisi tu inaanza kulala, toa gia, usibishane nayo. Na kusi, upepo wa kusini, ikiwa imechafuka, mawimbi yana vichwa vyeupe, boya likae ndani ya mashua. Siku hiyo, kusema kweli, na wewe ungekaa nyumbani.

Kuna wakati dawa ni kuiacha. Ncha ya kamba isifungwe kwa fundo lisilofunguka. Fungua, ifunge kwenye boya, iachie yote majini, kesho urudi na mtu. Ukiona maji yanaingia na hakuna nafasi ya kufungua, kata. Kisu kikae omo, kimefungwa kwa kijikamba chake, si ndani ya boksi la chambo chini ya barafu. Nanga inauzwa dukani, kamba inauzwa.

Lakini ukikata uwe na nanga ya pili, hata ndogo, na kamba yake. Hili nalisisitiza kwa sababu ya mikondo. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, kusi ikivuma, maji ya pwani yetu yote yanakwenda kaskazini. Mashine ikikufia nje ya Malindi huna nanga, utapita Ungwana, utapita huku kwetu tukupungie mkono, kisha Kiunga, kisha Somalia. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ndiyo mbaya zaidi. Mkondo wa Somalia hushuka ukakutana na wetu huku huku, baina ya Malindi na Lamu, halafu maji yote yanageuka kwenda bahari kuu. Huko hakuna wa kukupungia.

Na kamba usiibanie. Shwari, mara tatu ya kina. Upepo ukianza, mara tano au zaidi. Ukivua pima 15 uwe na kamba ya pima 75, si hiyo uliyonayo ambayo nanga inaning'inia nayo badala ya kulala chini.

Nimempa dereva wa basi mfuko, atafika kesho jioni. Mna kamba, kisu kilichonolewa na mamako, maana mimi siku hizi sioni makali, na boya kubwa jekundu. Boya ni la ami yako, ameniambia atalitaka, kwa hiyo ulitunze. Kabla ya kutoka waambie watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, hapo bandarini unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, na ukirudi unijulishe. Kama huna salio, mpigie mamako mara moja ukate. Atajua.

Wako,
Babako