Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti ya Lamu: tupe chumba kimoja, jioni moja kila wiki

Kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia mafunzo ya ufundi na utamaduni,
Serikali ya Kaunti ya Lamu

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum.

Tunakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la watu wengi. Kuna vijana wanaopiga video za harusi, wanaotengeneza matangazo ya nyumba za wageni, wanaorekodi Maulidi, wanaohariri nyimbo kwenye simu. Wako Langoni na Mkomani, Shela, Mokowe, Mpeketoni, Faza. Kila mmoja hujifunza peke yake, usiku, kwa bando lake. Wengi wao sasa wanataka kuingia kwenye efekti za video, yaani kuongeza, kufuta au kubadilisha kitu ndani ya picha baada ya kamera kuzimwa.

Ombi letu ni chumba kimoja chenye umeme wa kutegemewa, kifunguliwe jioni moja kila wiki kwa mwaka mzima. Jengo jipya hatuliombi. Na tafadhali, semina ya siku tatu tusiletewe.

Semina tunaikataa kwa sababu tunajua inavyokwenda. Siku ya kwanza huishia kwenye kusakinisha programu. Siku ya pili mwalimu hupita mbio juu ya menyu. Siku ya tatu ni vyeti na picha ya pamoja. Kosa la kweli hutokea wiki mbili baadaye, mtu akiwa nyumbani na kazi ya mteja mkononi, na hapo hana wa kumuuliza. Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua, hakuna aliyejua kutia kalafati (kuziba mianya ya mbao) kwa siku tatu. Mtu husimama kando ya fundi mpaka mkono uzoee, na kazi hii nayo hutaka kusimamiwa hivyo hivyo.

Tukueleze kazi yenyewe, ili ujue chumba kitatumika kwa nini.

Chukua kazi ndogo: mwenye nyumba ya wageni anataka video ya sekunde tano, kamera ikitembea mbele ya ukuta wake, na jina la nyumba lionekane limechongwa kwenye ukuta ule. Ili jina lisielee, programu lazima ijue kamera ilitembea vipi. Hilo huitwa trakingi. Programu hufuata nukta ndogo ndani ya picha, fremu kwa fremu (fremu ni kila picha moja inayounda video), kisha hukokotoa kamera ilikuwa wapi. Blender, programu ya bure tunayoipendekeza, hutaka nukta zisizopungua 8 zinazoonekana katika fremu zote mbili za kuanzia hesabu, lakini 8 ni za kuponea tu. Anayetaka kulala usingizi huweka 20 au 30, zilizotawanyika karibu na mbali.

Nukta hizo ziwekwe wapi? Hapa ndipo mafunzo ya mtandaoni yasipomsaidia mtu wa Lamu, kwa sababu hayakupigwa mbele ya bahari. Maji hayashiki nukta. Kila wimbi ni sura mpya, na mng'ao wa jua hukimbia pamoja na kamera. Mashua iliyotia nanga nayo haifai, kwa kuwa inayumba. Makuti ya mnazi wakati wa kusi ndiyo mabaya zaidi, maana programu huyakubali, hesabu hukamilika, na jina huteleza ukutani bila mtu kujua sababu. Nukta ziwekwe kwenye kitu kisichoondoka: pembe ya kizingiti, ufa wa jiwe la matumbawe, mdomo wa mzinga wa ngomeni, kona ya nakshi ya mlango. Punda akipita mbele, nukta hurukia sikio lake na kuondoka naye. Fremu hizo lazima nukta izimwe, kisha iwashwe tena punda akishapita.

Mwishoni programu hutoa namba ya kosa. Ikiwa chini ya pikseli 0.5 (pikseli ni kitone kidogo kabisa cha picha), kazi huwa inakwenda vizuri. Ikipita 1, jina litateleza. Kosa kubwa la wanaojifunza peke yao ni kufuta nukta moja moja mpaka namba ishuke. Namba hushuka kweli, lakini zikibaki nukta chache zilizo upande mmoja wa picha, kamera iliyokokotolewa huwa ya uongo. Mtu wa pili aliyeketi kando huliona hilo mara moja. Peke yako unaweza kulitafuta wiki nzima.

Na mara nyingi tatizo lilianza siku ya kupiga picha. Simu huachwa na kitulizo cha mtikisiko, ambacho hukata na kupinda kila fremu kivyake, kwa hiyo trakingi haina lenzi moja ya kuikokotoa. Kizimwe. Fokasi na mwanga vifungwe. Kasi iwe fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe sekunde 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa hupepesa mara 100 kila sekunde. Kwa shata ya 1/60 michirizi ya giza hupita juu ya picha za ndani. Simu nyingi pia hubadilisha kasi ya fremu zenyewe bila kumwambia mtu. Video igeuzwe kwanza iwe na kasi moja, kisha itolewe kuwa picha moja moja, ndipo iingizwe Blender.

Kitambaa cha kijani, kinachowekwa nyuma ya mtu ili programu ikiondoe na kuweka mandhari nyingine, kina mambo yake hapa kwetu. Kanzu nyeupe hunywa kijani: aliyevaa akisimama nusu mita kutoka kitambaa, mabega yote huchukua rangi na hutoboka kijani kinapoondolewa. Asimame mita 2 au zaidi, na kitambaa kiwe na taa zake mbali na taa zake yeye. Kikoi chenye mistari ya kijani nacho hutoboka kwenye mistari hiyo, kwa hiyo chumba kiwe na kitambaa cha buluu pia. Mita 3 kwa 6 zinatosha mtu mzima na sakafu anayoikanyaga. Kipigwe pasi, kwa kuwa kila mkunjo ni kijani cha aina nyingine. Vitobo vya kofia ya viua na ncha za mtandio mwepesi ndizo sehemu ngumu, na simu huzidisha ugumu huo: hurekodi rangi kwa uchache kuliko mwanga, pikseli nne zikigawana rangi moja, ndiyo maana kingo hutoka na meno. Dawa rahisi ni kupiga kwa 4K, ukubwa wenye pikseli mara nne zaidi, na kumalizia kazi kwa 1080.

Sasa tufike kwenye sababu kubwa ya kutaka chumba. Sekunde 5 kwa fremu 25 ni fremu 125. Ikiwa kompyuta inachukua dakika 4 kurenda fremu moja, yaani kuikokotoa kuwa picha iliyokamilika, hizo ni dakika 500, zaidi ya saa nane. Umeme ukikatika saa ya saba na kazi ilikuwa inatolewa moja kwa moja kuwa faili moja ya video, faili hiyo huenda isifunguke kabisa. Ikitolewa kuwa picha moja moja, unaendelea ulipoachia. Na Blender ina jambo ambalo mtu wa peke yake hanufaiki nalo. Kompyuta kadhaa zikielekezwa kwenye folda moja ya pamoja, ukizima chaguo la kuandika juu ya faili zilizopo na kuwasha lile la kushikilia nafasi, kila mashine huchukua fremu ambayo haijachukuliwa na nyingine. Kompyuta 6 zinazolingana humaliza kazi ile ile kwa muda unaokaribia dakika 84. Hazihitaji intaneti, ruta moja na nyaya za mtandao zatosha.

Hatuhitaji mitambo ya kifahari. Kompyuta 8 zatosha watu 16, wawili kwa mashine, wakibadilishana kipanya kila baada ya dakika 20 ili asiwepo mtazamaji wa kudumu. Kila moja iwe na memori ya GB 16. Za GB 8 hufanya kazi lakini huchoka mapema. Mbili ziwe na kadi ya grafiki yenye memori yake yenyewe, GB 8 kila moja ikiwezekana. Nyingine zinaweza kuwa zilizotumika, kwa sababu trakingi haidai kadi kubwa, kurenda ndiko kunakodai. Vipanya viwe vya vitufe vitatu, tena 10, maana ndivyo vinavyokufa kwanza. Ongeza projekta moja, diski mbili za nje za TB 2, zikae mahali pawili tofauti, na betri za akiba za kompyuta. Betri hizo hutoa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Asiahidiwe mtu kwamba zitarenda.

Umeme ukaguliwe na fundi kabla ya kitu chochote kununuliwa. Kompyuta za kurenda zinaweza kula wati 350 kila moja. Sita ni wati 2,100. Soketi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,100. Ukiongeza birika la chai kwenye ekstensheni hiyo hiyo umeshapita. Ziwepo laini mbili tofauti. Hewa ya chumvi nayo hula milango ya flashi na feni, hivyo madirisha ya upande wa bahari yafungwe kazi ikiisha, kompyuta zifunikwe, diski zihifadhiwe kwenye kasha lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na feni zisafishwe kila miezi mitatu.

Kuhusu programu, tunasema wazi: kaunti isinunue leseni za kulipia kila mwaka. Bajeti ikikatika, mafunzo yanakatika siku hiyo hiyo. Programu zilizovunjwa kufuli ili zisilipiwe nazo zisiingie chumbani. Huja na virusi, na mteja makini akiuliza leseni mtu hana la kujibu. Blender ni huru tangu 2002, na leseni yake inaruhusu kuinakili na kuigawa kwa flashi bila kuomba mtu. Hupakuliwa mara moja, ni chini ya GB moja, kisha inagawanywa chumba kizima. Inafanya trakingi, uundaji wa vitu, kutoa kijani na kuunganisha tabaka. Lichaguliwe toleo lake moja la muda mrefu, lile linalotunzwa miaka miwili, na mashine zote zibaki humo, kwa sababu faili iliyohifadhiwa kwa toleo jipya inaweza kukataa kwenye la zamani. DaVinci Resolve ya bure ni nzuri kwa rangi na uhariri, ila kwenye mfumo endeshi wa Linux toleo hilo la bure halifungui video zilizobanwa kwa H.264, ambazo ndizo simu nyingi hutoa. Hilo lijulikane kabla mfumo haujachaguliwa. Kwa mazoezi, filamu fupi ya Tears of Steel ya 2012 ilitolewa na wenyewe pamoja na picha zake ghafi kwa leseni huru. Shoti tatu au nne za humo zinatosha miezi miwili ya kwanza.

Jioni yenyewe iwe Jumamosi, kuanzia baada ya Asri. Nusu saa ya mwanzo watu waonyeshe kazi zilizowashinda. Zile zilizofaulu zingoje. Saa zinazofuata ni mikono kwenye mashine, na robo saa ya mwisho ni kunakili faili. Ramadhani ratiba ihamie baada ya Tarawehe. Wanawake wawe na kipindi chao cha asubuhi chenye mwalimu mwanamke, na hili lisiwe la nyongeza: harusi zetu zina upande wa wanawake ambao mpiga video mwanamume haingii, na kazi hiyo inahitaji mafundi. Vijana wa Pate, Siyu na Faza hawawezi kuja na kurudi jioni moja, vyombo vyao husubiri maji. Kwao tunaomba mashine mbili zisafiri mara moja kila mwezi, siku mbili mfululizo, tarehe zipangwe kwa bamvua, maji yanapojaa sana.

Kazi ya kupigia mfano ipo tayari. Magofu ya Takwa kisiwani Manda yanaweza kupigwa picha mia kadhaa, kila picha ikipishana na jirani yake kwa zaidi ya nusu, na kugeuzwa kuwa umbo la kompyuta ambalo vijana watalijengea paa na milango iliyokuwapo. Kibali cha Makavazi ya Taifa kiombwe mapema, na droni isirushwe bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ofisi yako ikituandikia barua ya utambulisho, milango hiyo itafunguka kwa urahisi zaidi.

Mamlaka unayo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliwapa serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, shughuli za utamaduni, maktaba na maonyesho ya video. Ndiyo maana tunapendekeza darasa katika chuo cha ufundi kilicho chini yako, kuliko Ngome ya Lamu, ambayo ni nzuri lakini ina msimamizi mwingine.

Mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Tunaomba mstari mmoja humo: chumba, umeme, kompyuta 8, posho ya walimu wawili na nauli ya mashua. Kabla ya hapo, tunaomba ufunguo wa darasa lolote lililo wazi Jumamosi jioni. Tutaanza na laptopu zetu wenyewe, na daftari la mahudhurio litaletwa ofisini kwako kila mwisho wa mwezi.

Wako,

Mafundi wa video na picha za kompyuta,
Kisiwa cha Lamu