Video ya kujirudia haitengenezwi na kitufe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ile makala yenu ya ukurasa wa teknolojia iliyofundisha jinsi ya kutengeneza video za kujirudia za kuweka kwenye stori. Iliandikwa kwamba unapakua apu, unabonyeza kitufe, kazi imeisha. Nimeisoma yote na kwakweli imeniuma, maana hii kazi ndo naifanya na naipenda, na naona vijana wengi wanaanzia kwenye kitufe halafu wanakwama hapohapo kwenye kitufe, kila wanachoposti kinafanana na cha mwenzao, mwisho wanakata tamaa wanasema simu yao mbovu.

Sina ugomvi na kitufe chenyewe. Boomerang, ile apu ya Instagram, ilipotoka Oktoba 2015 ilikuwa inafanya jambo moja tu, inapiga picha kadhaa za harakaharaka halafu inazicheza kwenda mbele na kurudi nyuma, basi, na kwa baadhi ya vitu hakuna kinachoishinda mpaka leo. Mtu yuko kwenye bembea, watu wawili wanagonganisha glasi, mtu anaruka na kutua, hivyo vyote hata kwa macho yako ya kawaida vinaenda na kurudi kwahiyo ukivirudisha nyuma hakuna anayeshtuka. Sasa jaribu kumimina maji. Yanashuka vizuri kwenye glasi alafu ghafla yanapanda yenyewe kurudi kwenye jagi, jicho linagoma palepale. Moshi nao unarudi ulikotoka, mtu anatembea kinyumenyume. Mtazamaji pengine hata hawezi kukwambia kilichomkera ni nini ila kidole chake kishapita zamani.

Ndo maana nasema swali la kwanza sio apu gani, swali ni hiki kitu ninachotaka kurekodi kinajirudiaje chenyewe? Hili ndo makala yenu haikuligusa kabisa na mimi naona ndo kazi yote ilipo. Feni, gurudumu, sindano ya cherehani, mtu anapiga makasia, vyote vina mzunguko wake tayari, wewe unatafuta tu pale mzunguko unapofunga. Chukua gurudumu la baiskeli, bandika kijikaratasi kwenye spoku moja, lizungushe taratibu kwa mwendo usiobadilika na urekodi. Ukija kuediti tafuta fremu, yaani picha moja kati ya zile nyingi zinazounda video, ambayo kijikaratasi kipo juu kabisa, hapo ndo mwanzo wako, halafu sogea fremu moja moja mpaka kijikaratasi kirudi juu kabisa tena. Hapo watu wengi wanakata na kuhesabu wamemaliza, wakati ile fremu ya mwisho inatakiwa itoke, kwasababu inafanana na ya kwanza na ukiziacha zote mbili picha ileile inatokea mara mbili mfululizo na video inapata kigugumizi kila inapozunguka. Ni fremu moja kati ya 30 za sekunde nzima, lakini kwenye lupu, yaani video ya kujirudia, inarudi kila mzunguko, na kitu kinachorudi kila mzunguko jicho linakikamata hata kiwe kidogo vipi.

Kuna vitu ambavyo havina mzunguko unaofunga sawasawa, kama mawimbi, majani ya mti, pazia linalopepea, mawingu. Hivi navyo vinawezekana na njia yake haihitaji apu ya kulipia. Una klipu ya sekunde 6, ikate katikati upate vipande viwili vya sekunde tatu tatu, halafu vibadilishe nafasi, kile cha pili kianze na cha kwanza kifuate. Mwisho wa video yako mpya na mwanzo wake sasa ni fremu zilizokuwa zimefuatana kwenye klipu ya asili, kwahiyo video ikizunguka pale hapaonekani kitu kabisa. Kiraka, yaani pale pa kuungia, kimehamia katikati, na hapo unakifunika kwa kupandanisha vipande hivyo nusu sekunde, kimoja kinafifia huku kingine kikijitokeza. Utabaki na sekunde 5 na nusu. Kwenye mawimbi na majani hakuna atakayeona. Kwenye uso wa mtu usithubutu, ataota pua mbili.

Yote haya lakini yanakufa kama kamera ilitikisika au mwanga ulibadilika. Simu iwe kwenye tripodi au iegemee kitu kisichosogea, mkono hautoshi hata uwe mtulivu namna gani. Halafu ufunge fokasi na mwanga, simu nyingi ukigandamiza kidole kwenye skrini kwa sekunde kadhaa zinafunga vyote viwili, usipofanya hivyo kamera itaendelea kujirekebisha yenyewe, mwanzo wa klipu utakuwa na giza kidogo, mwisho utakuwa mweupe, na pale pa kuungia mwanga utaruka kila mzunguko. Jua linaloingia na kutoka mawinguni linaharibu vilevile, subiri litulie.

Halafu kuna jambo ambalo mwandishi wenu amelikosea na naomba mlirekebishe maana linawapotezea watu muda. Ameandika kwamba ukiposti klipu ya sekunde 3 kwenye stori itajirudia yenyewe. Klipu ya kawaida hairudii. TikTok, Reels za Instagram na Shorts za YouTube ndo zinazungusha video zenyewe mpaka mtu apite, ila stori ya Instagram na status ya WhatsApp ikimaliza inasonga mbele kwenda kwa mtu mwingine. Yaani umehangaika na mshono mzuri usioonekana halafu mtu anaona mzunguko mmoja tu na anapelekwa kwingine, hajui hata kama ilikuwa lupu! Kwa stori inabidi marudio uyaweke ndani ya faili lenyewe. Nakili ile klipu ya sekunde 3 mara 5 kwenye taimulaini, ule mstari wa kupanga vipande unapoediti, upate sekunde 15, toa faili kwa kipimo cha simu iliyosimama, pikseli (nukta za picha) 1080 kwa 1920, ndo uposti. Na kama unaweka maandishi yaweke baada ya kunakili, yakae juu ya marudio yote, ukiyaweka kabla yatakuwa yanatokea na kupotea kila mzunguko hakuna atakayemaliza kusoma. Yasogeze mbali na kingo pia, pikseli 250 hivi za juu na zaidi ya hapo kwa chini, maana huko kuna jina la akaunti na sehemu ya kujibu.

Mwandishi amezungumzia hizi video kama upepo wa juzi utakaopita, na hapo nadhani angepekua kidogo. Mwaka 1832 Mbelgiji Joseph Plateau alishatengeneza sahani ya kuzungusha yenye michoro pembeni, ukiiangalia kwenye kioo kupitia matundu yake mchoro unacheza, na kwakuwa sahani ni duara mchoro wa mwisho lazima ukutane na wa kwanza. Tatizo letu ni lilelile, miaka karibu 200 baadaye. GIF, lile faili la picha zinazocheza, ilitoka 1987 kwa kampuni ya CompuServe ila kujirudia bila kikomo kulikuja baadaye, kwenye kivinjari cha Netscape, mwaka 1995. Vine, apu ya video za sekunde 6, ilianza Januari 2013 na ikafungwa, watu wakasema ndo mwisho, leo mtu akifungua simu anakutana na video za kuzunguka kila kona. Mimi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya picha tulivu yenye kitu kimoja tu kinachosogea, Wamarekani Jamie Beck na Kevin Burg ndo walioipa jina la sinemagrafu mwaka 2011. Mtu amekaa dirishani anasoma, hapepesi macho, hata ukurasa haugeuki, ila pazia nyuma yake linapepea bila kukoma. Unarekodi kwa kamera isiyosogea, unachukua fremu moja unaigandisha juu ya video, halafu unafuta sehemu ya pazia peke yake ili video ya chini ionekane. Mtu akikutana nayo kwenye stori anasimama, anaiangalia, anatafuta kilichomsimamisha. Hiyo hakuna kitufe kitakachokuchagulia kwamba leo pazia ndo lisogee.

Sauti watu wanaisahau kabisa. Picha imeungana vizuri alafu muziki unakatika katikati ya neno, lupu nzima imekufa. Kama muziki una midundo 120 kwa dakika basi kila mdundo ni nusu sekunde, na kama muziki wenyewe unaenda kwa midundo minne minne, minne ni sekunde 2, kwahiyo lupu ya sekunde 8 itafunga pamoja na muziki na ya sekunde 7 haitafunga, ni hesabu ndogo tu lakini uifanye kabla ya kurekodi ujue unahitaji urefu gani. Na kama ni sauti ya upepo au maji ipandanishe kama ulivyopandanisha picha.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi zaidi Mhariri, nacho ni ule ushauri wa kwenye makala kwamba ukate video kabla jambo halijaisha ili mtu alazimike kurudia. Najua unatoka wapi. Marudio yanahesabika, Vine walianza kuonyesha idadi ya mizunguko mwaka 2014, na YouTube tangu tarehe 31 Machi 2025 wanahesabu kila Shorts inapoanza kucheza au kurudia, kwahiyo mtu anaona namba zinapanda anafurahi. Lakini yule anayeangalia video mara tatu kwasababu hajaelewa kilichotokea ameibiwa muda wake, na yule anayeiangalia mara tatu kwasababu hajui inapoanzia wala inapoishia amepewa kitu, na kwenye takwimu wote wanaonekana sawasawa. Mimi nawaomba vijana wamtengenezee huyu wa pili. Ni kazi zaidi, ndio, inaweza kuchukua mchana mzima kwa sekunde 4, na inastahili.

Kingine ni watu. Mtu akijikwaa mara moja ni bahati mbaya, wenzake wanacheka na yeye anacheka yanaisha. Mkate sekunde mbili umrudishe anajikwaa, anajikwaa, anajikwaa, hapo umemgeuza kichekesho, na kusema stori inapotea baada ya saa 24 hakumsaidii chochote kwasababu kuna aliyekwisha kurekodi skrini. Kwa hiyo kumuomba ruhusa mtu ili umrekodi hakutoshi kwenye lupu, mwonyeshe ile lupu yenyewe ikizunguka ndo umuulize kama iende.

Na la mwisho ambalo kwangu ndo zito kuliko yote, ile mifano ya mmweko mliyoipendekeza, nyeupe nyeusi nyeupe nyeusi kwa kasi kufuata muziki. Miongozo ya kimataifa ya tovuti inataka kitu kisimweke zaidi ya mara 3 ndani ya sekunde moja, na sababu yake sio urembo, kuna watu wenye kifafa cha kuchochewa na mwanga na mmweko wa namna hiyo unaweza kuwaangusha. Desemba 1997 kule Japani kipindi kimoja cha katuni kwenye televisheni kilimwekesha nyekundu na bluu kwa kasi, watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Hicho kipindi kilimweka sekunde chache tu kikaendelea na hadithi. Lupu haiendelei na hadithi, inarudi palepale kwenye mmweko, na kwenye stori inamkuta mtu bila onyo, anapitisha kidole kutoka kwa rafiki mmoja kwenda mwingine na skrini ipo karibu na uso wake gizani.

Kwahiyo ombi langu ni hili. Rekebisheni lile la stori kujirudia yenyewe, na ule mfano wa mmweko uondoeni kwenye toleo la mtandaoni, leo ikiwezekana. Halafu kama mna nia ya kuendelea na mada hii, na natumaini mnayo kwasababu wasomaji wenu vijana wanaitaka, mpeni kazi mtu akae na gurudumu na kijikaratasi aeleze fremu kwa fremu, mpige picha kila hatua mziweke ukurasani, na kabla ya kuchapisha mumpe asome mtu anayeishi na kifafa aseme ni lupu zipi huwa anazikimbia.

Msomaji wenu, mtengeneza video.