Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma: Daktari Aliyekwenda Kusoma Kemia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya yetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule, walimu na wafanyakazi wote,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha kazi za hospitali na kuja kukaa nasi katika turubai hili ambalo, kama unavyoona, jua limeshalizoea.

Klabu yetu ni ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wa michepuo ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia). Kila mwaka tunachagua mwanasayansi mmoja, tunafuatilia kazi alizochapisha, kisha tunazionyesha kwenye meza zile pale chini ya mwembe. Waliotutangulia walichagua watu ambao picha zao zimo katika kila kitabu: Mendel, Newton, Marie Curie. Safari hii tumechagua mtu ambaye jina lake lilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo hata baadhi ya walimu waliuliza ni nani. Anaitwa Harvey Itano.

Tumemchagua kwa sababu ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Humu bwenini tunao wenzetu wanaougua ugonjwa huo, na tunaposoma kwamba hapa Tanzania inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka, tunaiona hesabu hiyo ikiwa na sura na majina.

Mheshimiwa, ugonjwa huu tunafundishwa mara mbili bila kuambiwa kuwa ni uleule. Kwenye Baiolojia unakuja katika mada ya jenetiki: baba AS, mama AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya kawaida na moja ya selimundu; tunachora miraba minne, tunapata robo ya watoto wakiwa SS, yaani wagonjwa, tunafunga daftari. Kwenye Kemia tunasoma asidi amino, jinsi molekuli moja inavyobeba chaji chanya na chaji hasi, na ile pH ambayo ukiiwekea umeme haisogei kokote. Mada hizo mbili zinapishana koridoni na hazisalimiani. Hatumlaumu mwalimu yeyote, maana mtihani wenyewe umetungwa hivyo. Itano ndiye aliyezikalisha meza moja.

Alizaliwa mwaka 1920 mjini Sacramento, California, kwa wazazi waliohamia Marekani kutoka Japani. Alisoma kemia Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na mwaka 1942 akapewa medali ya mhitimu bora wa chuo kizima. Siku ya mahafali hakuwepo. Japani ilikuwa imeshambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani, Desemba iliyotangulia, na serikali ya Marekani ikaamua kuwahamisha watu wa asili ya Japani walioishi pwani ya magharibi na kuwafungia makambini, raia na wasio raia, bila kesi. Itano na familia yake walichukuliwa. Mkuu wa chuo aliwatangazia waliohudhuria kwamba mwenye medali hayupo kwa kuwa nchi yake imemwita kwingine. Yalikuwa maneno ya adabu sana kwa jambo lisilo na adabu. Katikati ya mwaka huohuo aliruhusiwa kutoka kambi ya Tule Lake ili akasomee udaktari St. Louis, na mwaka 1945 akawa daktari kamili.

Mtu aliyepitia hayo angestahili kufungua zahanati na kutulia. Yeye alirudi darasani. Mwaka 1946 alikwenda Taasisi ya Teknolojia ya California kusomea shahada ya uzamivu ya kemia chini ya Linus Pauling, bingwa wa bondi za kikemia, yule aliyetueleza kwa nini bondi nne za kaboni hutazama pembe nne za tetrahedroni. Pauling alikuwa na swali mkononi. Mwaka 1945, wakiwa kwenye kamati moja, daktari William Castle alikuwa amemweleza kwamba seli nyekundu za mgonjwa wa selimundu hujikunja damu ikipungukiwa na oksijeni, na zikiipata tena hunyooka. Pauling akawaza kwamba kinachobeba oksijeni ndani ya seli hizo ni himoglobini, basi tatizo litafutwe katika molekuli ya himoglobini. Swali hilo alimkabidhi Itano.

Jaribio lenyewe tunaomba tulieleze taratibu, maana ndiyo roho ya maonyesho yetu. Itano, akishirikiana na Jonathan Singer na Ibert Wells, alichukua himoglobini ya watu wazima wa afya, ya wagonjwa wa selimundu, na ya wale wenye vinasaba vya AS. Aliifunga kwa monoksidi ya kaboni ili itulie, akaiweka katika myeyusho wa pH inayojulikana, halafu akapitisha umeme. Katika pH ya 6.9 himoglobini ya kawaida ilielekea kwenye ncha chanya, na ile ya wagonjwa ikaelekea kwenye ncha hasi. Protini mbili zenye ukubwa ule ule na kazi ile ile zilikuwa zinapeana visogo. Waliochukua vinasaba vya AS walikuwa nazo zote mbili, zimechanganyika katika damu moja, sawasawa na miraba yetu minne inavyotabiri.

Makala ilitoka katika jarida la Science Novemba 1949, ikiwa na kichwa kilichoiita selimundu ugonjwa wa molekuli. Kabla ya hapo magonjwa yalikuwa ya viungo, ya vijidudu au ya lishe. Hapa palitajwa ugonjwa unaokaa ndani ya molekuli moja na kurithiwa kwa kanuni za Mendel. Vitabu vingi huiita makala ya Pauling, na jina lake ndilo la kwanza, lakini aliyesimama na mirija usiku na mchana ni wanafunzi na wasaidizi. Tunalisema hili bila kinyongo. Wanaofanya praktiko kwa makundi, mmoja akapima na mwingine akaandika jina la kwanza, watatuelewa.

Tofauti hiyo ya chaji ilitoka wapi? Jibu lilipatikana Cambridge, Uingereza, mwaka 1956 na 1957, pale Vernon Ingram alipoikatakata protini hiyo vipande vidogo na kukuta tofauti katika kipande kimoja tu. Leo tunajua kuwa ni asidi amino ya 6 katika mnyororo wa beta, mmoja wa aina mbili za minyororo, alfa na beta, inayoiunda himoglobini: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Mwanafunzi wa Kemia akichora fomula hizo mbili ubaoni anaona mara moja. Mkia wa asidi ya glutamiki unaishia na kundi la kaboksili, ambalo hutoa protoni na kubaki na chaji hasi. Mkia wa valini ni kaboni na haidrojeni tupu, hauna chaji. Himoglobini moja ina minyororo miwili ya beta, kwa hiyo chaji hasi mbili zimetoweka. Zaidi ya hapo, valini huyakimbia maji, na oksijeni ikitoka hujichomeka katika kishimo cha himoglobini jirani, na jirani naye kwa jirani yake, mpaka nyuzi ndefu zinaipinda seli kutoka ndani. Maumivu yale ya mgongo na miguu ambayo wewe, Mheshimiwa, unayaona wodini, yanaanzia hapo.

Itano hakuishia kwenye makala moja. Mwaka 1950, pamoja na mtaalamu wa jenetiki James Neel, alitangaza himoglobini nyingine isiyo ya kawaida, aina ya C, ambayo baadaye ilijulikana kuwa hutokana na badiliko mahali palepale pa 6, na ambayo inapatikana zaidi Afrika Magharibi. Mwaka 1951 akatangaza aina ya D. Hii D inatufurahisha kuliko zote, kwa sababu kwenye umeme hukimbia sawa kabisa na ya selimundu, na mtu mvivu angeandika S, yaani selimundu, akaenda kulala. Itano aliitofautisha kwa kupima uyeyukaji wake. Baadaye, akiwa katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, yeye na Elizabeth Robinson walionyesha kwamba mnyororo wa alfa na wa beta hutawaliwa na jeni tofauti.

Kisha, alipohamia Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego mwaka 1970, akarudi kwenye kemia ya viumbe hai kwa mlango mwingine. Wana-PCB mnaikumbuka dawa ya Brady, ile tunayopimia aldehaidi na ketoni ikatoa mashapo ya rangi ya chungwa. Iko katika ukoo mmoja na fenilihaidrazini, kampaundi iliyogunduliwa na Emil Fischer mwaka 1875. Fenilihaidrazini ikiingia mwilini huvunja seli nyekundu. Itano na wenzake walitumia miaka kutafuta jinsi inavyofanya hivyo, hatua kwa hatua, na mwaka 1981 walieleza jinsi kundi la fenili linavyong'ang'ania kwenye porfirini, ile pete inayoshika chuma cha himoglobini. Ni kazi ngumu kusomeka, na tunakiri hatujaimaliza yote. Ila inaonyesha mtu aliyeifuata molekuli moja maisha yake yote, leo kwa urithi wake, kesho kwa mmenyuko wake. Alifariki mwaka 2010.

Huku kwetu uzi huu una ncha yake. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1949 na kukuta vinasaba vya AS vimejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ni haba nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: wenye AS wamekingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Hapo Muhimbili, kuanzia mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, kazi iliyompatia tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2011. Na dawa inayotumika sana leo, haidroksiyurea, ni molekuli ndogo ajabu. Ni yurea ileile aliyoitengeneza mwanakemia Wöhler mwaka 1828, haidrojeni moja imeondolewa, kundi la haidroksili limewekwa. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, ikakaa zaidi ya karne moja kabla ya kuruhusiwa Marekani kwa wagonjwa hawa mwaka 1998. Huurudisha mwili kutengeneza himoglobini ya kichanga, ambayo haijikusanyi nyuzi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya sifa huja shida, na shida zetu hatutazificha.

Wenzetu wenye selimundu wanaamshwa kwa mchakamchaka alfajiri kama wengine, kipindi cha baridi wanaoga maji ya baridi, na si kila mwalimu wa zamu anaruhusu chupa ya maji darasani. Baridi, kiu na kuchoka kupita kiasi ni vitu vinavyoamsha maumivu yao. Wapo pia wanaoambiwa wamerogwa, au ni wavivu. Tunaomba ofisi yako itupatie mwongozo wa maandishi, wenye mhuri, maana mhuri una uzito ambao risala haina.

Mwaka 1949 Itano na Pauling walichapisha pia njia ya haraka ya kupima ugonjwa huu kwa kutumia dithionaiti ya sodiamu, ambayo huiondolea damu oksijeni. Kipimo cha uyeyukaji kinachotumia dithionaiti hadi leo ni cha bei nafuu: myeyusho ukifuka wingu, kuna himoglobini S. Hakitenganishi AS na SS, na kwa sababu hiyo hatuombi kupimana wenyewe maabara. Tunaomba timu yako ije na mtaalamu wa ushauri nasaha, iwapime wanaotaka kwa ridhaa ya wazazi wao, na majibu yatolewe faraghani. Wengi wetu tumebakiza miaka michache kufika umri wa kuoa na kuolewa. Tungependa pia kufahamishwa kama haidroksiyurea inapatikana katika hospitali ya wilaya, na kama bima zinazotumiwa na wazazi wetu zinailipia.

La mwisho ni maabara. Chumba cha kutolea hewa chafu hakifanyi kazi, kwa hiyo dawa ya Brady tunaitazama kitabuni. Kifaa cha elektroforesisi, yaani cha kutenganisha molekuli kwa umeme kama alivyofanya Itano, utakachokiona mezani tumekitengeneza wenyewe kwa bakuli la plastiki, agari, rangi za chakula na betri. Kinafanya kazi, polepole. Bodi ya Shule ipo hapa na imesikia.

Mheshimiwa, tunakuomba ukitoka hapa upite kwenye meza ya tatu. Rangi nyekundu na ya njano ziliwekwa pamoja kwenye agari kabla hujafika, na hadi sasa zitakuwa zimeachana vya kutosha kuonekana.

Naomba kuwasilisha.