Vitamini za chupa hazizuii vinyama vya utumbo, watu wapimwe

Mhariri,

Mimi ni muuza dawa mtaa wa Kondele, hapa Kisumu. Naandika kuhusu matangazo ambayo wiki nenda wiki rudi tunayasikia kwenye redio za huku Nyanza na Magharibi, na ambayo wachuuzi huyarudia ndani ya matatu za Kakamega na Busia. Yanasema chupa fulani ya vitamini na madini husafisha utumbo na kuzuia vile vinyama vinavyozaa saratani ya utumbo mpana. Chupa moja inakaribia shilingi elfu tatu. Mtu anajinyima, anainunua, anameza, kisha anatulia akijua amejikinga. Huko kutulia ndiko kunakonitia hofu.

Vinyama hivyo, ambavyo madaktari huviita polipu, huota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Vingi havimdhuru mtu hadi anakufa na uzee wake. Ila kuna aina iitwayo adenoma, na humo ndimo zinamotoka saratani nyingi za utumbo mpana. Haina haraka. Mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi kabla ya kugeuka, na kwa muda wote huo haiumi wala haiwashi. Mwenye nayo anaenda shambani, anaenda kazini, anakula vizuri. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Tangu nianze hizi vitamini sijasikia chochote tumboni," hajathibitisha lolote. Hangesikia chochote hata bila hizo vitamini.

Swali la kama vitamini zinazuia adenoma lilishapimwa zamani, tena kwa njia inayofaa: watu walioondolewa vinyama wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa vidonge vyenyewe, wengine vidonge vya mfano visivyo na dawa ndani, kisha utumbo ukatazamwa tena kwa kamera ndogo inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Mwaka 1994 Wamarekani walitoa matokeo ya watu 864 waliopewa beta-karotini (ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A), au vitamini C na E, au vyote pamoja, au vidonge vya mfano. Baada ya miaka 4 vinyama vilikuwa vimewarudia wote kwa kiasi kinacholingana. Mwaka huohuo, Finland ilitoa matokeo ya wanaume 29,133 wavutaji sigara. Waliomeza beta-karotini waliugua saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Kwa hiyo maneno ya "hata isipokusaidia haitakudhuru", ambayo mawakala wanaouza chupa hizo wanayapenda sana, si ya kweli.

Asidi ya foliki, ambayo ni vitamini ya kundi B, nayo ilijaribiwa. Utafiti wa watu 1,021 uliochapishwa mwaka 2007 uliwapa miligramu 1 kila siku. Adenoma hazikupungua, na katika ufuatiliaji wa baadaye walioimeza ndio waliokutwa zaidi na adenoma tatu na kuendelea. Kina mama wajawazito, tafadhali msinielewe vibaya: foliki mnayopewa kliniki endeleeni nayo, inamkinga mtoto na kasoro za ubongo na uti wa mgongo, na hilo limethibitishwa. Nazungumza na mzee wa miaka 60 anayekula ugali wa unga wa pakiti, ambao kisheria tangu 2012 huongezwa foliki, chuma na zinki, kisha anauziwa chupa nyingine ya foliki ya kulinda utumbo.

Kalsiamu peke yake ndiyo iliyoleta matumaini, na sina sababu ya kuficha hilo. Mwaka 1999 watu 930 walifanyiwa utafiti, nusu yao wakimeza miligramu 1,200 za kalsiamu kila siku. Waliorudiwa na adenoma walikuwa asilimia 31, na upande wa vidonge vya mfano asilimia 38. Faida si kubwa, lakini ipo. Ndipo ukafanywa utafiti mkubwa zaidi, wa watu 2,259, uliotoka mwaka 2015, kwa kipimo kilekile cha kalsiamu, na vitamini D uniti 1,000, kila kimoja peke yake na vyote pamoja. Safari hii hakuna kilichosaidia. Halafu mwaka 2018 watafiti waliorudi kuwaangalia watu hao wakakuta jambo la kusikitisha: miaka 6 hadi 10 baada ya kuanza, waliokuwa wamemeza kalsiamu walikuwa na vinyama zaidi vya aina nyingine, vilivyo bapa, vigumu kuonekana hata kwa kamera, na ambavyo pia huweza kugeuka saratani. Muuzaji anayetaja ile ya 1999 na kunyamazia hizo mbili za baadaye anamdanganya mteja.

Najua nitaambiwa kwamba wazee wetu hawakuwa na ugonjwa huu kwa sababu ya chakula chao. Dakta Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika hivyo mwaka 1971: saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu Afrika, naye akaona sababu ni vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Nayaheshimu mawazo yake, na mwenyewe nakula wimbi, na mboga za osuga na mrenda. Omena unayemtafuna na mifupa yake ana kalsiamu nyingi, maziwa ya mala pia. Lakini hata chakula tusikiuze kama hirizi. Tafiti mbili za Marekani za mwaka 2000 ziliwapa watu vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi kwa miaka kadhaa, na vinyama vikarudi vilevile. Linalojulikana kwa uhakika ni kwamba pombe, sigara, unene na nyama za viwandani huongeza hatari. Smokie na soseji zinazouzwa kila stendi ya Kisumu zimo katika kundi hilo la nyama za viwandani, ambalo Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilitangaza mwaka 2015 kuwa linasababisha saratani.

Sasa nifikie jambo linalonikosesha usingizi zaidi, nalo ni vidonge vya madini ya chuma. Hivi havitangazwi redioni, lakini vinauzwa kila siku. Mzee mmoja kutoka upande wa Ahero alikuwa mteja wangu wa "zile za kuongeza damu". Siku moja alikuja na chupa ya vitamini ya mawakala mkononi, akauliza, "Daktari, hii naweza kumeza pamoja na zile zangu?" Nikamuuliza, "Mzee, hii damu inaenda wapi kila mara?" Akanyamaza. Akasogea hadi mwisho wa kaunta, mbali na wateja wengine, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba choo chake huwa na damu, na kwamba alishaambiwa ni bawasiri. Nilimwomba aende hospitali siku hiyohiyo, na bintiye akampeleka. Kamera ilikuta uvimbe uliokwisha kuwa saratani. Amefanyiwa upasuaji, na yuko nyumbani.

Huku kwetu upungufu wa damu una majibu mengi ya haraka: malaria, minyoo, selimundu. Ndiyo maana jibu la nne, utumbo unaovuja damu, halitafutwi. Mwanamume yeyote mtu mzima, au mama aliyekwisha koma hedhi, akikosa madini ya chuma mwilini, lazima utumbo wake uchunguzwe, kwa sababu kinyama au uvimbe unaweza kuvuja damu kidogokidogo isiyoonekana kwa macho. Vidonge vya chuma vinapandisha damu, uchovu unapungua, mgonjwa anasema amepona, na kile kinachovuja kinaendelea kukua. Tena vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo hata akipata choo cheusi cha damu anadhani ni dawa.

Kinachozuia saratani hii ni kukiona kinyama na kukiondoa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993, wa wagonjwa 1,418 walioondolewa adenoma kwa kamera, ulionyesha saratani zikipungua kwa kati ya asilimia 76 na 90 kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2012 watafiti wa mradi huohuo wakaonyesha vifo navyo vimepungua kwa asilimia 53. Hakuna vitamini iliyowahi kukaribia hapo. Kamera ni ghali na mashine ni chache, nakubali. Lakini kipo kipimo cha choo kinachotafuta damu iliyojificha. Sampuli ndogo huchukuliwa nyumbani, ikatiwa kwenye kichupa na kupelekwa maabara, na mwenye majibu mabaya ndiye anayepelekwa kwenye kamera. Miongozo kadhaa siku hizi huanzia umri wa miaka 45, na mapema zaidi kwa mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua.

Naziomba kaunti za Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega ziweke kipimo hicho kwenye vituo vya afya, na wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wanapita nyumba hadi nyumba wakipima presha na sukari, wapewe vichupa vya kugawa. Naviomba vituo vya redio, na gazeti lako pia, Mhariri, visipokee tangazo la vitamini inayodai kuzuia saratani bila kudai ushahidi kwanza na kuuliza kama Bodi ya Dawa na Sumu, inayosimamia dawa nchini, inalijua dai hilo. Na wenzangu wa madukani, mtu wa miaka 45 na zaidi akirudi mara ya pili kununua vya kuongeza damu, muuzieni, lakini mwandikieni na barua ya kwenda hospitali.

Muuza dawa,
Kondele, Kisumu