Wathamini wanapita Jumamosi, muwepo nyumbani

Ndugu zangu, habari za jioni. Wathamini, wale wanaokadiria mali zetu ili tulipwe fidia ardhi ikitwaliwa, wataanza kupita mtaani kwetu Jumamosi, kwa hiyo asiondoke mtu. Wafungulieni mpaka uani: choo, ukuta, banda la kuku, mwembe. Kisichoandikwa hakilipwi. Fomu isomeni kabla ya kusaini, kisha ipigeni picha.

Ibara ya 24 ya Katiba ya Tanzania inataka fidia inayostahili, na kanuni za fidia ya ardhi za 2001 hazikuishia kwenye thamani ya nyumba na kiwanja. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi, ambayo ni kodi ya miezi 36. Mwenye genge au duka anadai pia faida anayopoteza, basi mauzo yaandikwe kwenye daftari kuanzia leo. Fidia ikichelewa zaidi ya miezi 6 tangu ardhi itwaliwe, inadaiwa pamoja na riba.

Wapangaji ndio wananinyima usingizi. Watoto wao wanasoma hapahapa, lakini fidia inakwenda kwa mwenye nyumba. Wenye nyumba, jamani, waambieni mapema.

Kaya 644 zilizoondolewa Magomeni Kota, Dar es Salaam, zilijengewa maghorofa, yakazinduliwa Machi 2022. Na sisi tuulize, kwa maandishi, kama tutarudi. Barua tutaiandika Ijumaa saa 10 jioni, ofisi ya serikali ya mtaa. Njooni na nakala za hati za mauziano.